Mwenyewe Yuko Jikoni

Ukitaka kumkasirisha Ermelinda Falcato, msifie mapishi. Mwambie mtaa mzima wa Mouraria hakuna supu ya sukuma kama yake, mwambie samaki ng'onda wake wa mayai na viazi anamfufua mgonjwa, uone atakavyokukazia macho. "Mimi si mpishi," atakujibu. "Mimi ni mwimbaji ninayepika." Kwa miaka kadhaa jibu hilo lilikuwa gumu kulitetea, maana kupika alikuwa anapika kila siku, na kuimba alikuwa haimbi.

Alizaliwa kwenye mtaa huohuo, nyumba ya ghorofa tatu iliyoegemea jirani yake kwa uchovu. Mama yake aliuza samaki, kapu kichwani, akiwaita wateja kwa sauti iliyopenya kuta. Watu hupenda kusema Ermelinda aliirithi sauti ile. Mwenyewe anasema kwa mama alirithi ubishi tu. Sauti aliipata uani, kwenye karo la kufulia, ambako wanawake wakubwa walikuwa wakiimba fado, zile nyimbo zetu za huzuni na magita, huku wakikamua mashuka, na mtoto akikosea wanamrushia povu. Sherehe za Mtakatifu Antonio zilipofika, mtaa wote ukanuka moshi wa sadini wa kuchoma, akapandishwa jukwaani akiwa msichana mbichi, shali la shangazi yake likimburuzika miguuni. Akaimba, akashinda shindano la waimbaji wa mtaa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena binti wa muuza samaki, ila mama yake alipokuwa na hasira.

Wakati huo kulikuwa na dereva wa tramu, kijana mwembamba mwenye masikio ya kutosha watu wawili, jina lake Hermínio Salgueiro. Njia yake ilipita chini ya dirisha la kina Ermelinda, ikipanda kwenda Graça. Kila akifika pale alipiga kengele, mahali ambapo hapakuwa na kona, wala mkokoteni, wala mtu.

"Dereva, kengele ya nini? Njiani hakuna hata paka!" abiria walimpigia kelele.

"Natahadhari," Hermínio aliwajibu, macho ghorofani.

Hermínio alikuwa na ugonjwa mwingine pia: alitunga mashairi. Alitunga akiendesha, akihesabu mizani kwa kugonga vidole kwenye mkono wa breki, na ubeti ukikataa kukaa sawa alipitiliza kituo. Hivyo ndivyo alivyotunga "Dirisha la Juu", akamletea Ermelinda na kumwambia aliimbe kwa mahadhi fulani ya zamani, yale ambayo hata babu zetu hawajui yalianza lini.

Kwetu mahadhi hayo ya zamani ni bomba la mtaa, kila mtu anachota. Unaweza kuingia mahali ukawasikia watu watano wakiimba mahadhi mamoja, kila mmoja na maneno yake, na hakuna ugomvi. Lakini maneno yana mwenyewe, yule aliyetungiwa. Maadamu yu hai, hufungui kinywa kuyaimba kabla hujamwendea na kumwomba. Na kuyaimba bila ruhusa penye masikio yake ni sawa na kuingia nyumbani kwa mtu, ukavua viatu, ukajilaza kitandani pake.

"Dirisha la Juu" ikawa ya Ermelinda, na Hermínio naye akawa wake. Santuri ikatoka, ikapigwa redioni, na wanawake wakaiimba wakimenya vitunguu. Kisha ikaja ile Aprili wanajeshi walipoing'oa serikali ya mabavu, maua kwenye midomo ya bunduki. Ermelinda alishangilia barabarani hadi viatu vikakatika. Furaha ilipotulia, wakatokea watu waliosoma wakasema fado ni muziki wa wale waliong'olewa. Wimbo wa wafuaji na wauza samaki ukaambiwa ni wa mabwana! Kumbi zikafungwa mmoja baada ya mwingine, na Ermelinda akaenda kumenya viazi kwenye kantini ya bandarini. Alivikaripia viazi vile kwa miaka, akiviimbia pia, hadi hasira za watu zikapoa na fado ikaruhusiwa kurudi nyumbani.

Aliyemrudisha yeye ni Arlindo, mwenye mkahawa wa meza chache chini ya ngazi, mtu mwema, ila husahau jambo kabla hujamaliza kumwambia. Alimchukua Ermelinda kwa kazi mbili: jikoni siku zote, na kuimba Jumapili mchana. Vyombo vya chakula vikishaondolewa, Ermelinda alivua aproni, akachukua shali lake jeusi kwenye msumari wa mlango wa jiko, akasimama nyuma ya wapiga magita na kufumba macho. Arlindo alifunga milango, taa zikapunguzwa ingawa nje jua linawaka, na hapo hata mwenye kiu alingoja. Hiyo ilikuwa raha ya maisha yake. Hakutaka nyingine.

Halafu tezi ya shingo. Daktari alimpasua vizuri, kidonda kikapona, na Ermelinda anamshukuru Mungu mpaka leo. Lakini sauti ilirudi imeshuka. Kule juu alikokuwa akipanda bila kufikiri, ngazi zilikuwa zimeng'olewa. Akajitia hamnazo. Jumapili ya kwanza alisimama na "Dirisha la Juu" palepale alipozoea kuianzia, na alipofika mstari wa tatu wa ubeti wa pili, ambao hupaa kuliko yote, sauti ikakatika katikati ya neno. Watu wakapiga makofi. Kwetu mwimbaji akikukata maini hungoji amalize, unamlipukia palepale: "Ah, fadista!" Siku ile hakuna aliyelipuka. Yalikuwa makofi ya adabu, ya kumpa pole mfiwa. Ermelinda akalivua shali, akalitundika kwenye msumari, akaingia jikoni.

Mestre Custódio, mestre kwetu ndiyo fundi, aliyempigia gita la nyuzi kumi na mbili tangu nywele zake zikiwa nyeusi, hakukubali hivihivi.

"Dona Ermelinda, nilishushe gita kidogo," alimbembeleza akiwa amesimama mlangoni. "Tuanzie chini. Nani atajua?"

"Wote watajua. Ukishusha gita, wataona nimeshuka na mimi."

"Sasa si ndiyo umeshuka? Mimi mwenyewe nimeshuka, ngazi hizi nazipanda kwa matusi."

"Mestre, unataka supu au unataka kisu?"

Custódio akachukua supu. Alirudia ombi lile mara kwa mara, na kila mara aliondoka na bakuli.

Lililomuuma Ermelinda zaidi lilikuwa la Hermínio. Alikuwa mstaafu sasa, mzee wa masikio yaleyale, na kila siku alikaa meza ya pembeni karibu na dirisha la kupitishia sahani. Tangu Ermelinda aache kuimba, vidole vyake vilikuwa vimetulia. Usiku mmoja Ermelinda alimuuliza kwa nini hatungi, akamjibu taratibu, bila lawama, "Nimtungie nani, Linda?" Basi nyumba ikawa na vimya viwili vikitazamana kitandani. Ermelinda alijua akiimba tu, hata ubeti mmoja, mzee wake angefufuka. Na alijua pia kwamba akisimama tena sauti ikakatika tena, hapatakuwa na mara ya tatu. Kwa hiyo alipika.

Ikafika Jumapili moja ya mwezi wa tatu. Mkahawa ulijaa, na jikoni Ermelinda alikuwa anakaanga kababu za ng'onda zile ndogo, zinazotaka usimamizi kila dakika. Aliyeingia mlangoni wakati huo alikuwa msichana mpana wa mabega, muuza mikate kutoka Barreiro, ng'ambo ya mto. Aliitwa Salomé. Alimwomba Arlindo nafasi ya kuimba. Arlindo akampa, na kama kawaida yake hakumuuliza ataimba nini. Salomé akaenda kwa Custódio, akamnong'oneza jina la mahadhi na kumwambia aanzie wapi.

"Chini hivyo?" Custódio akanyanyua nyusi.

"Sauti yangu ni nzito, Mestre. Nyumbani wananiita honi ya meli."

Custódio akacheka, akakaza nyuzi, akamkonyeza mwenzake wa gita la kawaida. Mahadhi aliyoombwa yana maneno mia, kila mtu na ya kwake. Hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Taa zikapunguzwa. Salomé akafumba macho, akainua kidevu, akaanza:

*Dirisha langu la juu*
*halina pazia tena,*
*upite nikuone tu*
*hata bila kuitana.*

Mkahawani tayari kulikuwa kimya, lakini kimya kile kikabadilika rangi. Uma ulioelekea kinywani ulibaki hewani. Arlindo akajishika kichwa kwa mikono miwili. Hermínio aliweka kijiko chini polepole na kugeuza uso kuelekea jikoni, na meza zote zikageuka pamoja naye. Salomé, aliyekuwa amefumbua macho mwisho wa ubeti apate pumzi, akawaona wote wamempa kisogo.

"Nini?" akamuuliza kwa midomo tu bibi wa meza ya mbele.

Bibi yule akaziba mdomo kwa leso, akanong'ona kwa sauti ambayo hata mtaani walisikia: "Mwenyewe yuko jikoni!"

Msichana akawa mwekundu, kisha mweupe. Ubeti wa pili hakuuanza. Wapiga magita nao hawakuacha. Mpigaji wa kweli hamwachi mwimbaji aanguke mbele ya watu. Custódio aliyazungusha mahadhi tena, akarudi mwanzo wa ubeti, akamngojea. Msichana akatikisa kichwa. Akazungusha tena.

Jikoni, hasira ilikuwa imempanda Ermelinda tangu neno la kwanza. Dirisha lake! Aliusikia mstari wa kwanza akashika mwiko, mstari wa pili akageuka, wa tatu alikuwa kashatanguliza mguu kwenda kumtoa yule mwizi kwa masikio. Kufika mlangoni akasimama, kwa sababu aligundua kitu kilichomtia aibu. Alikuwa anaimba. Kinywa kilikuwa kimefumbwa, lakini koo lilikuwa linaufuata ule ubeti neno kwa neno, na halikuwa linaumia. Kule chini alikoanzia msichana palikuwa na nafasi. Palikuwa na sakafu.

Akamwona yule binti pale katikati, mikono imekufa ubavuni, hana pa kukimbilia. Akamwona Custódio akizungusha nyuzi, macho hayako kwa msichana hata kidogo. Yalikuwa kwake, Ermelinda. Mzee mshenzi yule, alikuwa anamngojea yeye.

Akatazama shali msumarini. Hakulichukua. Mafuta yalikuwa yanamchuruzika kwenye aproni, na moyo unampiga kama ile siku ya sadini na moshi. Mzunguko ukafika mwanzo wa ubeti, akapiga moyo konde akaingia nao, mwiko mkononi:

*Kengeleyo naijua,*
*mji ukivuma wote...*

Wote waliujua mstari unaofuata, na wote walikuwepo siku ile, au walisimuliwa na waliokuwepo. Bibi wa leso akajifunika uso mzima. Hermínio alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, kama mtu aliye kwenye tramu isiyo na breki.

*Iwe jua, iwe mvua,*

akaimba Ermelinda, na sauti ikapanda. Haikuwa ile ya kwenye santuri. Ile ilikuwa nyembamba na ya kung'aa. Hii ilikuwa na mikwaruzo, nzito, imekaa maisha mazima jikoni na bandarini na kitandani hospitalini. Lakini ilipanda, ikafika, ikakaa pale juu kadiri alivyotaka mwenyewe, wala hakuwa na haraka ya kuiteremsha.

*nakungoja siku zote.*

"Ah, fadista!" Wa kwanza kulipuka alikuwa Salomé, msichana mwenyewe, machozi yakimtiririka. Halafu mkahawa wote, meza zikapigwa, Arlindo akabusu chupa. Hermínio peke yake hakupiga kelele. Alijifuta macho kwa kitambaa cha meza.

"Kuna kitu kinaungua," mtu akasema.

"Acha kiungue!" Ermelinda akafoka, kisha akakimbilia kababu zake. Zote zilikuwa mkaa. Hajawahi kufurahia hasara kiasi kile.

Aliporudi akijifuta mikono, Salomé alikuwa amesimama mlangoni akimngoja, kichwa chini.

"Dona Ermelinda, nisamehe. Haki ya Mungu sikujua."

"Hukujua fado ina mwenyewe? Barreiro hakuna mila?"

"Nilijua ina mwenyewe. Bibi yangu alikuwa na santuri yako, nimelelewa nayo. Ila..." akababaika. "Nilidhani umeshafariki."

Mkahawa ukaangua kicheko. Ermelinda hakucheka. Alijikagua aproni, mwiko, na viatu vyake vya jikoni.

"Na wewe hukukosea sana," akasema.

Sasa sisi watu wa Mouraria tunapenda mambo yaishe vizuri, na kila mmoja mle ndani alishajua yataishaje. Mkongwe atamkabidhi kijana fado yake, atamvisha na shali, watakumbatiana, Arlindo atamwaga mvinyo. Arlindo hata alishashika chupa. Salomé naye akajipa ujasiri.

"Basi naomba ruhusa, Dona. Naweza kuiimba? Hata mara moja moja, kule kwetu."

"Hapana."

"Hapana?" alishangaa Arlindo.

"Hapana maana yake hapana. We Arlindo, usikie leo hata jambo moja. Fado hii ni yangu, na bado naitumia. Jumapili ijayo naiimba, na inayofuata. Mestre, tunaanzia pale pale alipoanzia huyu. Na atakayesema nimeshuka, aje aniambie jikoni."

Custódio akainamia gita lake asionekane anavyotabasamu. "Nilifikiri nitapewa supu tena," akasema.

Salomé uso ulikuwa umemshuka. Alianza kukusanya koti lake. Ermelinda akamshika mkono, mkono mpana wenye harufu ya unga, na moyo ukamlegea. Alikumbuka povu la sabuni usoni.

"Unakwenda wapi? Nimekunyima maneno, sikukunyima mahadhi. Mahadhi ni ya wote, yachote utakavyo. Una sauti, mwanangu. Una honi ya meli kweli. Lakini wewe hujakaa dirishani kumngoja dereva wa tramu. Wewe umekaa wapi?"

"Kwenye kivuko," msichana akasema, akifuta pua. "Alfajiri na jioni. Navuka mto na mikate."

"Basi ndiyo hayo. Tafuta mtu akutungie mto na mikate yako. Uje uyaimbe hapa, na siku ukiwa na miaka yangu umfukuze kwa mwiko atakayekuibia."

"Mimi simjui mshairi hata mmoja, Dona."

Hapo ndipo Ermelinda alipousikia. Nyuma yake, kabla hajageuka, kutoka meza ya pembeni, mlio mdogo mkavu juu ya mbao: tak, tak, tak, kisha kutua, kisha tak, tak tena. Hakuwa ameusikia tangu siku alipotundika shali. Hermínio alikuwa ameisukuma sahani pembeni, macho yako mbali kabisa, na vidole vinahesabu.

Salomé akataka kuuliza kitu. Ermelinda akamzuia kwa kiganja, asithubutu kukohoa. Akamsogelea mzee wake pole pole, akainama sikioni pake, lile sikio kubwa.

"We mzee. Unahesabu mizani za nani? Zangu au za huyu mtoto?"

"Usinikatize, Linda," Hermínio akasema bila kunyanyua macho. "Zako kwanza."